Bibie wa Chini ya Turubai

Sajenti Biasha alikiweka kifurushi juu ya meza lakini hakukifungua. Alivuta kiti akakaa, akamtazama kijana aliyekuwa mbele yake.

Wakil Makungu alikuwa mshona shanga. Ndiye anayeitwa na mabibi wa Mji Mkongwe kila gauni la harusi linapotaka kutiwa urembo. Tokea juzi yumo mahabusu kwa kutuhumiwa kuiba dhahabu ya bi harusi nyumbani kwa Bi Shemsa, mtaa wa Kiponda. Inspekta Bakar alikwishasema kuwa jalada litakwenda kwa mwendesha mashtaka kesho asubuhi, na likishakwenda huko basi Wakil atahesabu miaka.

"Umenambia siku ile ulikuwa shamba, Kizimbani, kwa shangazi yako," Biasha alisema. "Nimekwenda Kizimbani. Shangazi yako kanikaribisha vizuri, kanipa na mdalasini nichukue, akanambia hajakutia machoni tokea Idi."

Wakil alitazama sakafu.

"Mtu akidanganya mahali alipokuwa, baba, Inspekta hataki tena ushahidi mwengine."

Biasha alimngoja kama anayesubiri chai ichemke. Nje askari walikuwa wakicheka na mtu aliyeleta chakula cha mahabusu. Kicheko kilipokwisha, Biasha alifungua kifurushi. Akatoa buibui jeusi la kitambaa kizuri, nikabu, glavu nyeusi, na viatu vya kike vilivyokuwa vikubwa kupita viatu vyake yeye mwenyewe. Askari walivikuta chini ya kitanda cha Wakil walipopekua.

"Mama kaviona?" Wakil aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Walimtoa nje kabla hawajapekua. Hajaviona."

Wakil alivuta pumzi, mabega yakashuka.

"Inspekta anasema hizi nguo za kujificha baada ya wizi," Biasha aliendelea. "Mimi halinikai akilini. Shahidi anasema kamuona mwanamume akiingia. Mtu mwenye buibui na nikabu nyumbani kwake, anakwendaje kuiba na uso wazi? Kwa hiyo hizi si za wizi. Ni za nini?"

Mwisho Wakil alisema ni zake, anazivaa. Yeye ni mwanamume na hana shaka na hilo, lakini nguo zile anazipenda, na siku moja moja huzivaa akatoka akatembea mji. Siku ya wizi alikuwa nazo. Alikuwa Darajani, kwenye meza ya matunda ya Anuar, mvua kubwa ikawakamata baada ya Alasiri, akakaa chini ya turubai mpaka ilipokatika.

"Anuar anakujua?"

"Ananijua sana nikiwa hivi." Aligusa kanzu yake. "Nikiwa na buibui hajui ni mimi. Hakuna anayejua. Bi Biasha, mji huu una watu wawili ndani ya kila mtu. Nikipita na kanzu, wananiita kwa miluzi, wananiuliza bwana wangu nani, ananisukuma huyu na huyu. Nikipita na buibui, walewale wananipisha njia. Mzigo wangu wanabeba wao."

"Basi ni raha tupu."

Wakil alicheka kidogo. "Hasha. Nilipeleka baskeli kwa fundi, nimevaa buibui, nikamwambia kwa ishara mnyororo umelegea. Akauliza mume wangu yuko wapi aje amueleze. Nikarudi kesho yake na kanzu, neno lilelile, akasikia. Na wale vijana wa kona ya Mkunazini hawamuachi mwanamke apite. Mmoja alinifuata mpaka mlangoni. Nikiwa na kanzu hunitukana, lakini hanifuati."

Biasha alimuuliza kwa nini hakusema haya mwanzo. Wakil alimjibu kuwa jela mtu hutoka, lakini mama yake akiambiwa na majirani hili jengine, hapo hapatoki mtu. Akamuomba, kama iko njia, atafute la kumuokoa bila ya kulitangaza hili.

"Njia ntaitafuta," Biasha alisema. "Ahadi sitoi."

* * *

Alianza kwa shahidi. Mzee Mohamedhussein alikuwa na duka la mafuta na sabuni linalotazamana uso kwa uso na mlango wa Bi Shemsa. Biasha alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaletewa kigoda, akaomba asimulie tena.

Mzee alisimulia vilevile kama alivyosema kituoni. Mvua ilikuwa ndiyo inaanza, yeye anateremsha mabao ya kufungia duka. Akamuona Wakil anakuja mbio, kanzu kaipandisha, mwavuli mkononi, akasukuma mlango wa Bi Shemsa akaingia. Baada ya kitambo akatoka, mvua bado inanyesha, akaelekea chini.

"Kofia yake ilikuwa ya rangi gani?"

Mzee alifikiri. "Mwavuli ulimfunika."

"Ndevu kanyoa au kaziachia?"

"Mwanangu, nnakwambia mwavuli."

"Kwa hiyo uso hukuuona."

"Uso wa nini? Wakil namjua."

"Ulimjuaje, Mzee, bila ya uso?"

Mohamedhussein alimtazama kama anayemuonea huruma. Akamueleza polepole, kama anavyomueleza mjukuu. Nyumba ile ni ya wanawake. Mwanamume yeyote anayekwenda, awe wa gesi, awe wa umeme, awe shemeji yake Bi Shemsa, husimama nje akapiga hodi mara tatu, akageuza uso njiani mpaka wanawake wamejifunika, ndipo akaitwa. Mmoja tu hasimami. Wakil husukuma mlango akaingia, maana mabibi wenyewe wamesema kwa yule hawajifuniki, ni kama mwenzao.

"Mtu yule alipiga hodi?"

"Hakupiga. Ndiyo nnakwambia alikuwa Wakil."

Biasha alisimama, akaenda mpaka kwenye mlango wa Bi Shemsa, akageuka akatazama dukani, akarudi.

"Mzee, wewe hukumuona Wakil. Ulimuona mwanamume asiyepiga hodi."

Mzee Mohamedhussein akachukua kitambaa akaanza kufuta mizani ambayo haikuwa na vumbi.

Bi Shemsa naye alikuwa na maelezo ya namna hiyohiyo. Alikuwa chooni anaoga. Alisikia mlango, akasikia miguu ndani, na kwa kuwa hakusikia hodi hakujishughulisha. Alisema moyoni ni Wakil kaja kumalizia shanga za gauni la bintiye Faiza, bi harusi. Alipotoka, dhahabu haipo. Alivyosema jina la Wakil, aliusokota ushungi wake kwa uchungu wa mtu aliyemfungulia mwizi mlango kwa mkono wake.

Biasha aliomba aoneshwe kila kitu kilikuwa wapi. Kabati la chumbani lilikuwa na ufunguo wake papo hapo na halikuguswa. Dhahabu haikuwa kabatini. Bi Shemsa aliificha jikoni, ndani ya debe la mchele, na mwizi alikwenda moja kwa moja kwenye debe.

"Wakil anaingia jikoni?"

"Hapandi huku juu. Hukaa sebule ya chini na gauni lake."

"Nani anajua habari ya debe?"

"Sisi wenyewe. Mama yangu alikuwa akiweka humo, na mimi huweka humo."

"Na wanaume wasiopiga hodi, ukimtoa Wakil?"

Bi Shemsa alisema ni marehemu mumewe, na mwanawe Tahir, na Tahir yuko Dar es Salaam kikazi. Alilisema hilo mbio, kisha akauliza kesi itakwisha lini, maana wakwe wameanza kuuliza. Biasha hakumkata. Alimwambia Mungu atasahilisha, akateremka ngazi.

* * *

Inspekta Bakar alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa jalada lifungwe.

"Unataka nimwambie Bi Shemsa kaibiwa na mwanawe," alisema, "kwa ushahidi wa debe la mchele."

"Nnataka tujue Tahir alikuwa wapi."

"Nambie kwanza Wakil alikuwa wapi. Kadanganya Kizimbani. Niletee mtu aliyekuwa naye wakati wa mvua ile, kisha ntamwita mtoto wa watu. Ukikosa, kesho jalada linakwenda."

Biasha alivaa viatu vyake vya kutembelea akaenda Darajani.

Anuar alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya kuitia wateja na mkono mwepesi wa kumenya. Meza yake ilijaa machungwa na shokishoki. Biasha alianza kwa kumuuliza kama anamjua Wakil mshona shanga.

"Nani asiyemjua yule?" Anuar alicheka, na muuza ndimu wa pembeni akacheka naye. "Akija hapa namwambia, leo kanga zako umemuachia nani? Namsimamisha mpaka wote wamekwisha nunua ndipo namuuzia. Anavumilia, lakini."

"Siku ya mvua kubwa, ulimuona?"

"Siku ile? Hakupita."

Alilisema bila ya kusita, na Biasha aliliandika kama lilivyosemwa. Kwa mtu mwengine safari ingekwishia hapo. Yeye alichagua shokishoki, akamenya moja, akauliza siku ile mvua ilimkuta na nani.

Uso wa Anuar ulibadilika, ukatulia. Alisema alikuwepo bibie mmoja mrefu, kavaa nikabu, mtu wa heshima. Alifika adhana ya Alasiri ndiyo inamalizika. Mvua iliposhuka, yeye Anuar alimpa kigoda chake mwenyewe, akatundika gunia upande wa upepo usije ukamrushia maji. Alimmenyea chungwa akaliweka kwenye ukingo wa meza ili wasigusane mikono. Vijana wawili wakaanza kumfanyia psst psst, akawatimua.

"Alisema nini?"

"Bibie yule si msemaji. Anaitikia kwa kichwa. Lakini anasikiliza, nakwambia, anasikiliza mpaka unajiona mtu." Alijishika shingo. "Tukazungumza mpaka mvua ikakatika, Magharibi iko karibu."

"Utamjua ukimuona?"

"Ana kidoa cha kahawia kwenye weupe wa jicho la kushoto. Nilikiona mara moja tu, nikaona haya kumtazama."

Biasha aliandika kidoa, akamsomea, akamtaka atie sahihi. Wakil alikuwa nacho kidoa hicho. Biasha alikuwa amekitazama asubuhi nzima.

* * *

Kurudi kituoni alikwenda kwanza mahabusu. Alimwambia Wakil lililopo, hakulipamba. Mtu anayeweza kumtoa yuko, lakini anamjua bibie, hamjui yeye. Gwaride la utambulisho linaweza kufanywa na wote wamefunika uso. Baada ya hapo hajui Inspekta atataka nini.

Wakil akasema alete lile buibui.

Walipangwa watano kwenye chumba cha nyuma, wote na nikabu na glavu: askari wa kike watatu, mama anayefagia ofisi, na Wakil wa nne kutoka mlangoni. Askari walichaguliwa warefu. Bakar alisimama pembeni na jalada kwapani. Anuar aliletwa, kanawa uso, kavaa kofia safi, akaambiwa apite polepole na amguse bega yule aliyemuona.

Alipita wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mbele ya wa nne alisimama.

"Bega silishiki, afande, si adabu," alisema. Akaweka mkono kifuani kwake. "Ndiye huyu. Asalaam aleikum, bibie. Samahani kwa usumbufu waliokutia."

Wakil aliitikia kwa kichwa.

Biasha alimtazama Bakar. Bakar alitikisa kichwa. Alisema, na kwa haki alikuwa na sababu, kwamba kwenye jalada mahabusu wake ni mwanamume, na mahakamani mwendesha mashtaka hatamuachia shahidi anayemtambua mwanamke. Shahidi lazima ajue anamsemea nani. Akawatoa wale wengine chumbani, akafunga mlango.

"Ni hiari yako," Biasha alimwambia Wakil.

Wakil aliinua mikono akafungua nikabu.

Anuar alirudi nyuma hatua, mgongo ukagonga ukuta. Alitazama uso, akatazama buibui, akatazama uso tena. Rangi ilimpanda mpaka masikioni.

"Toba," alisema taratibu. "Umenifanya mjinga. Nimekutolea kigoda changu."

"Umenitolea, na nilishukuru."

"Usinambie ulishukuru."

Bakar alimuuliza kama mtu aliyekuwa chini ya turubai ni huyu. Anuar alijifuta uso kwa kofia. Akasema hana hakika. Akasema wanawake wenye nikabu ni wengi. Biasha akamkumbusha kidoa cha jicho, naye akasema vidoa vile pia ni vingi. Muuza ndimu wa pembeni atacheka mpaka mwaka uishe, alisema, na hilo Biasha aliliona ndilo jibu lake la kweli.

Bakar alifungua jalada. Lakini kabla hajaandika, alimgeukia Wakil, maana alikuwa mtu wa kumaliza kazi yake sawasawa.

"Kama ulikuwa wewe, mlizungumza nini muda wote ule? Sema. Akikiri kuwa ndiyo hayo, yamekwisha."

Anuar aliacha kujifuta. Alimtazama Wakil kwa macho ya mtu anayemuona mwanawe kasimama ukingoni mwa kisima.

"Alizungumza yake," Wakil alisema.

"Yepi?"

"Alimwambia bibie, afande. Alimwambia kwa siri. Siwezi kuyasema."

"Unajua ukinyamaza unarudi ndani, na kesho jalada linakwenda?"

"Najua."

Bakar alisubiri. Biasha alitaka kusema neno, akajizuia. Alikuwa amehoji watu miaka mingi, na alijua pale neno lake lingeharibu.

Wakil alisimama na nikabu mkononi. Anuar alimtazama, akatazama mlango, akamtazama tena. Kisha akavaa kofia yake, akaiweka sawa.

"Nipe kalamu," alisema.

"Unasemaje?" Bakar aliuliza.

"Ni yeye. Tokea adhana ya Alasiri mpaka mvua ilipokatika hakuinuka pale. Andika hivyo. Na mahakamani ntakuja."

"Na hayo mliyozungumza?"

"Kasema hayasemi. Na mimi siyasemi."

Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akirudiarudia kila moja. Bakar alisoma, akatia sahihi chini yake, akakaa kidogo akigonga kalamu kwenye jalada. Kisha alimwambia Biasha, bila ya kumtazama, kuwa asubuhi aende bandarini akaulize Tahir mtoto wa Bi Shemsa kaingia lini na katoka lini, na kama yuko kisiwani amlete, na Wakil aachiwe aende kwao. Akaongeza kuwa maelezo ya Anuar yatakaa kabatini kwake, yakihitajika yatatoka, yasipohitajika hayana haja ya kusomwa na kila mtu.

* * *

Jua lilikuwa bado lipo. Biasha alimfungulia Wakil ofisi yake abadilishe nguo, lakini Wakil alichungulia dirishani akaona watu wa mtaani kwao wamekusanyika upande wa pili wa njia, wamekuja kumuona mwizi. Mama yake hakuwemo. Akafunga nikabu yake tena, kanzu akaitia kwenye mfuko.

"Hivi hawatanitazama," alisema.

Na kweli. Alipotoka mlangoni, mzee mmoja katika wale waliokusanyika alimpisha, mwengine akamvuta mtoto asimkanyage. Wakaendelea kuukodolea macho mlango, wakimngojea Wakil.

Anuar alikuwa bado hajaondoka. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta wa kituo, na Biasha alitoka mpaka kizingitini, akashika fremu ya mlango. Askari akimuona mtu anamngoja mwenziwe namna ile, hujiweka karibu.

Wakil alisimama mbele ya Anuar.

"Unapita Mkunazini?" Anuar aliuliza.

Nikabu iliitikia.

"Wale wa kona wana midomo. Mimi pia nnakwenda huko."

Akageuka akaanza kutembea, na Wakil akafuata. Anuar hakwenda ubavuni mwake. Alitangulia mbele, akaacha nafasi baina yao. Mwanamume huiacha nafasi ile anapomsindikiza mwanamke wa watu kwa heshima, na huiacha vilevile anapoona haya kuonekana na mtu. Biasha, ambaye kazi yake ilikuwa kujua mambo kama hayo, aliwatazama mpaka walipokata kona, na hakujua ilikuwa nafasi ipi.